Suti ya zamani: Namna ya kuichagua na kuitunza katika hewa ya Tanga

Na Mwandishi Wetu, Tanga

UKIPITA asubuhi katika mitaa ya Ngamiani jijini Tanga, ile ambayo wenyeji huitaja kwa namba ya barabara kuliko kwa jina, si ajabu kukuta makoti ya suti yametundikwa kwenye kamba au kulazwa juu ya turubai, kila moja likimsubiri mnunuzi wake. Baadhi yake yalishonwa kabla mnunuzi huyo hajazaliwa. Yalivaliwa Ulaya au Marekani, yakaachwa na wenyewe, yakafungwa kwenye belo na kuvuka bahari.

Kwa mkazi wa mjini anayetafuta suti ya harusi, ya usaili wa kazi au ya ibada, koti la namna hiyo laweza kuwa bora kuliko suti mpya ya bei ya chini iliyoning'inizwa dukani. Lakini laweza pia kuwa hasara tupu. Wapo wanaonunua suti yenye sura nzuri, wakaivaa siku moja, wakaifungia kabatini hadi masika yaishe, kisha wakaitoa ikiwa na madoa ya ukungu mgongoni na vitobo kwenye ukosi.

Mara nyingi hasara hiyo hailetwi na uzee wa nguo. Suti iliyoshonwa vizuri miaka 40 iliyopita inaweza kudumu miaka mingine 20. Katika ukanda wa pwani maadui wake wakubwa ni unyevu wa hewa, chumvi ya jasho na wadudu. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Tanga, Pangani au Muheza hana budi kuchagua na kutunza kwa namna tofauti na yule anayeishi katika nchi kavu au yenye baridi.

Koti si geni pwani

Kwa miaka mingi waungwana wa miji ya pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Mombasa, wamelivaa koti juu ya kanzu, pamoja na kofia ya viua. Vazi hilo bado linaonekana katika nikahi na sherehe za Idi. Kwa hiyo mtu wa Tanga anaponunua suti, mara nyingi hununua mavazi mawili kwa pamoja: suti kamili ya ofisini, na koti la kuvaa juu ya kanzu siku ya shughuli.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, mavazi ya Kizungu yaliingia katika mjadala wa kisiasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na utekelezaji wake, uliojulikana kama Operesheni Vijana, ulianza Januari 1969. Katika kipindi hicho viongozi na watumishi wengi walionekana zaidi katika suti isiyohitaji tai: ile iliyopewa jina la Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China aliyeitembelea Tanzania mwaka 1965, na ile ya mikono mifupi iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia.

Nguo zilizokwisha kuvaliwa nje, ambazo wazee waliziita kafa Ulaya kwa kudhani wenyewe wamefariki, ziliongezeka sana baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji bidhaa kuanzia mwaka 1984. Jina lililoshika ni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walielekeza uagizaji wake upunguzwe hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani, lakini Marekani ilipotishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa zake huko kupitia mpango wa AGOA, Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda iliyoendelea na ushuru mkubwa ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi mwaka 2018.

Kusoma umri wa suti

Muuzaji anaweza kusema lolote kuhusu umri wa koti, lakini lebo mara nyingi husema zaidi. Itafute ndani ya mfuko wa kifuani, chini ya ukosi na kwenye kiuno cha suruali.

Lebo inayotaja Ujerumani Magharibi ina maana kuwa nguo ilishonwa kabla ya nchi hiyo kuungana upya Oktoba 1990. Alama ya Woolmark, inayofanana na uzi uliosokotwa, ilianza kutumika mwaka 1964, hivyo koti lenye alama hiyo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Koti la Kimarekani lenye lebo ya chama cha wafanyakazi wa mavazi, Amalgamated Clothing Workers of America, lilishonwa kabla ya chama hicho kuungana na kingine mwaka 1976. Marekani ilianza kuwalazimisha watengenezaji kuweka maelekezo ya ufuaji kwenye nguo mwaka 1972. Nguo ya Uingereza yenye alama ya CC41 ni adimu zaidi, kwa kuwa alama hiyo ilitumika kati ya mwaka 1941 na 1952.

Mshono nao ni ushahidi. Ukosi mpana na suruali iliyopanuka chini, ambayo vijana wa enzi hizo waliiita bugaluu, huashiria miaka ya 1970. Mabega mapana yenye pedi nene ni ya miaka ya 1980. Ukosi mwembamba na suruali nyembamba mara nyingi ni vya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa mtindo huo umerudi tena katika miaka ya karibuni, hivyo usiutegemee bila kuangalia lebo.

Usome pia vipimo. Namba 40 katika koti la Uingereza au Marekani ni inchi 40 za kifua. Nchi za bara la Ulaya huandika nusu ya kifua kwa sentimita, hivyo koti hilohilo huandikwa 50. Kwa makoti ya wanaume, ukitoa 10 katika namba ya Ulaya utapata ile ya Uingereza.

Kitambaa na kilicho ndani yake

Kwa suti ya zamani, kitambaa kinachofaa zaidi ni sufu. Watu wengi wa pwani huiogopa kwa kudhani kuwa ni nguo ya baridi pekee. Ukweli ni kwamba sufu nyepesi iliyofumwa kwa uwazi hupitisha hewa kuliko poliesta, na huweza kunywa unyevu unaofikia takriban asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Ukiinua kitambaa mbele ya mwanga na kuona vijitundu vidogo vya ufumaji vilivyopangika sawasawa, hicho kinafaa Tanga. Kizito kisichopitisha mwanga kabisa kinawafaa zaidi wakazi wa Lushoto na milima ya Usambara. Kitani nacho ni kizuri kwa joto, ila hujikunja upesi.

Ikiwa lebo imeondolewa, chomoa uzi mmoja kutoka upindo wa ndani, kwa ruhusa ya muuzaji, kisha uunguze mbali kabisa na meza ya nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe na kuacha majivu yanayovunjika. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Pamba na kitani hunuka kama karatasi.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hawalijui, ni kile kilichomo kati ya kitambaa cha nje na bitana. Makoti bora ya zamani yana kitambaa kigumu, mara nyingi kilichochanganywa na nywele za farasi, kilichoshikizwa kwa sindano. Mengine yamebandikwa kitambaa chenye gundi, ambacho mafundi wetu hukiita gamu. Joto, unyevu na ufuaji mbaya huifanya gundi iachie, na kifua cha koti kikaota malengelenge. Hali hiyo ikishatokea hairekebishiki kwa gharama ya kawaida.

Kutambua tofauti ni rahisi. Bana kitambaa cha nje kwa vidole chini ya tundu la kifungo, kisha bana upande wa ndani na uvute taratibu. Ukihisi tabaka la tatu linaloteleza katikati, koti limeshonwa kwa sindano. Ukihisi tabaka mbili tu zilizo nene, limebandikwa. Koti la gamu si lazima liachwe, ila lisilipiwe bei ya lile lililoshonwa.

Ukaguzi mbele ya muuzaji

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika mitumba hata kibaya huweza kujiuza iwapo mnunuzi ana haraka. Nenda mchana. Taa ya jioni huficha tofauti ya rangi kati ya koti na suruali, na mara nyingi vipande hivyo viwili havikutoka katika suti moja.

Anza kwa kunusa. Harufu ya jasho na ya kabati huondoka kwa upepo na ufuaji. Harufu nzito ya ukungu iliyoingia kwenye pedi za mabega ni vigumu kuiondoa. Kisha inua kila kipande kuelekea juani na utafute vitobo vidogo vya nondo, hasa chini ya ukosi, kwenye pindo na ndani ya mifuko.

Geuza koti nje ndani na utazame makwapa. Bitana iliyochanika hubadilishwa, lakini kitambaa cha nje kilichokauka na kugeuka rangi kwa jasho kitapasuka siku si nyingi. Katika suruali angalia msamba, makalio na ncha za miguu. Kitambaa kinachong'aa kwenye viwiko na makalio kimelika, na mng'ao huo haurudi nyuma.

Mwisho, livae. Mabega ya koti yaishie pale bega lako linapoishia. Kama unakusudia kulivaa juu ya kanzu, nenda umevaa kanzu au ubebe moja, kwa sababu kitambaa cha kanzu huongeza unene kwenye makwapa na kifuani. Koti linalofunga vizuri juu ya shati linaweza kukubana siku ya nikahi.

Fundi anaweza nini

Tanga ina mafundi cherehani hodari, lakini hata fundi hodari ana mipaka. Kufupisha mikono, kupunguza kiuno cha koti, kukunja suruali upya, kubadili bitana na vifungo ni kazi za kawaida. Kubadili mabega, kurefusha koti au kushusha makwapa ni sawa na kulishona koti upya, na gharama yake huzidi bei ya ununuzi.

Suti za zamani zina faida moja kubwa hapa. Washonaji wa enzi hizo walizoea kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, hasa nyuma ya suruali na ubavuni mwa koti. Geuza nguo na upime. Sentimita mbili kila upande humwezesha fundi kuachia suruali iliyobana. Tazama pia kama kitambaa kilichofichwa kina rangi tofauti na cha nje, kwa kuwa baada ya kuachia mshono mstari wa zamani unaweza kuonekana. Ikiwa vifungo vya mikononi vina matundu halisi yanayofunguka, ufupishaji wa mikono kuanzia chini utakuwa mgumu.

Kabla ya kukubaliana bei, jumlisha bei ya muuzaji, ya fundi na ya dobi. Jumla hiyo ndiyo bei ya suti.

Usafi wa kwanza

Suti ya mtumba isivaliwe kabla ya kusafishwa, na isiingizwe kabatini pamoja na nguo nyingine, kwani inaweza kuwa na mayai ya nondo. Itundike kwanza mahali penye upepo na kivuli kwa siku mbili au tatu. Igeuze nje ndani, uianike kwenye jua la asubuhi kwa muda mfupi, uikung'ute na kuipiga brashi laini kwenye mishono na chini ya ukosi. Jua la siku nzima hupausha rangi.

Baada ya hapo ipeleke kwa dobi wa drai klina, yaani anayesafisha kwa dawa badala ya maji. Sufu ikiloweshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hushikana na kusinyaa, nayo bitana husinyaa kwa kipimo chake, matokeo yake koti hujikunja na halinyooki tena. Mwambie dobi mapema kuhusu kila doa na chanzo chake kama unakijua. Lakini usiipeleke kila baada ya kuivaa. Dawa hizo nazo huichosha sufu, na mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha kwa suti isiyovaliwa kila wiki.

Katika kupiga pasi, kosa kubwa ni kugusisha chuma moja kwa moja kwenye sufu, jambo linaloacha mng'ao wa kudumu. Tandika kipande cha marekani kilicholoweshwa na kukamuliwa, ukandamize na kuinua pasi badala ya kuiburuta. Anayetumia pasi ya mkaa aitingishe na kuipuliza majivu mbali na nguo kabla ya kuanza.

Kuishi na unyevu

Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli hufuata mwishoni mwa mwaka. Katika miezi hiyo hewa ya pwani hubeba unyevu wa kutosha kuotesha ukungu ndani ya kabati lililofungwa. Suti inayokaa miezi mitatu bila kuguswa iko hatarini kuliko inayovaliwa kila juma.

Baada ya kuivaa, usiirudishe kabatini siku hiyo hiyo. Itundike penye upepo usiku kucha ili jasho likauke, kisha ipige brashi. Usiivae siku mbili mfululizo. Fulana ya ndani ya pamba huokoa bitana, kwani jasho likikauka huacha chumvi inayovuta unyevu na kuvutia wadudu.

Tumia hanga pana la mbao linalojaza bega. Hanga la waya au msumari wa ukutani huharibu umbo la bega. Plastiki ya dobi iondolewe mara ufikapo nyumbani, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Badala yake funika kwa mfuko wa pamba, hata uliotengenezwa kwa shuka kuukuu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya nguo na nguo, usiegemeze kabati kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na ulifungue milango siku kavu angalau mara moja kwa wiki.

Ukiona ukungu, toa nguo nje kabla ya kuipiga brashi ili vumbi lake lisisambae ndani ya chumba. Ianike hadi ikauke kabisa, kisha ipeleke kwa dobi.

Nondo, naftalini na udi

Nondo anayeruka hali nguo. Anayeila ni kiwavi wake, naye hupendelea sufu na hariri, hasa sehemu zenye jasho au tone la chakula. Katika joto la pwani huweza kuzaliana mwaka mzima. Usafi kabla ya kuhifadhi ndiyo kinga ya kwanza. Mwenye friza inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri anaweza kuifunga suti ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka humo kwa wiki mbili. Akiitoa aiache ndani ya mfuko hadi ipoteze ubaridi, isije ikalowa kwa umande.

Familia nyingi hutegemea vidonge vyeupe vya naftalini. Hapa tahadhari inahitajika. Mvuke wa naftalini unaweza kuvunja seli nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi, na wanaweza kuugua manjano na kuishiwa damu. Vidonge hivyo visiwekwe katika chumba anacholala mtoto wala pamoja na nguo na mablanketi yake, na baba aliyevaa suti iliyohifadhiwa kwa naftalini asimpakate mwanawe kabla ya kuipigisha upepo vya kutosha. Mtoto pia anaweza kukimeza kidonge akidhani ni peremende.

Kuhusu udi, desturi ya kufukiza nguo juu ya chetezo ni nzuri kwa harufu, mradi nguo iwe safi na iwe mbali na makaa. Hata hivyo moshi hauui viwavi wala ukungu, bali huficha harufu yake. La kuvunda halina ubani.

Swali la mwisho

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ajiulize mambo matatu: Je, mabega yananikaa? Je, kitambaa ni kizima makwapani na msambani? Je, nyumbani nina mahali pakavu na penye upepo pa kuitundika? Jibu la hapana kwa lolote kati ya hayo litoshe kumfanya aiache, hata bei iwe ndogo namna gani.

Akipata ndiyo tatu, basi amepata vazi ambalo, likipigwa brashi na kupewa hewa, linaweza kumvusha katika usaili, nikahi na Idi kadhaa, na siku moja likapelekwa kwa fundi lipunguzwe kiuno ili livaliwe na mwanawe.